Mwalimu Aliyeinyima Kwaya Sauti

Mtaani alikuwa Fundi, kanisani alikuwa Mwalimu, na majina hayo mawili yalimtosha mpaka watu wakasahau lile alilopewa na wazazi wake. Kutwa nzima alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, miwani imemteremkia puani, kichomeo cha kulehemu nyaya mkononi, redio za watu zimemzunguka zikiwa wazi matumbo. Siku za mazoezi alifunga kibanda jioni, akabadili shati, akaenda kanisani kuwafokea wanakwaya. Hakuwa na njia nyingine ya kufundisha, na wanakwaya wenyewe walishazoea. Siku asipofoka waliulizana kama anaumwa.

Kwaya yake haikuimba na kinanda. Kabla ya kila wimbo Mwalimu alisimama mbele yao, akainua mkono, akaguna polepole: do, mi, so, do. Kila sauti ikachukua yake. Kabla ya mguno huo, ole wake atakayefungua mdomo. Siku moja kwenye harusi alipaliwa na soda wakati bibi harusi yuko mlangoni anasubiri kuingia. Mwalimu alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na kwaya nzima ikamsubiri imefunga midomo, bibi harusi naye amesimama na maua yake. Mama mkwe alitaka kuzirai kwa aibu. Mwalimu alipopata pumzi, aliguna, wakaimba, na baadaye aliwasifu kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. "Kwaya isiyosubiri sauti ni mnada," aliwaambia. "Nyinyi leo mmekuwa kwaya."

Mkewe ndiye aliyeongoza sauti ya pili, wakamwita Mama Alto. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, na hakuna mtu aliyemweza kwa utani. Mambo ya mtaa yalimhusu. Bomba la maji lilipokauka, wanaume wakibaki kunung'unika vibarazani, yeye aliwakusanya wanawake wa kanisa wakaenda ofisini kwa diwani. Diwani huyo alikuwa ameshaanza kuitwa Mheshimiwa na kuitika vizuri kabisa. Walikuta mlango umefungwa. Karani alitoa kichwa dirishani akasema Mheshimiwa yuko kikaoni, warudi Jumatatu. Jumatatu wakarudi, wakaambiwa Jumatatu. Siku nyingine walisikia kabisa redio inacheza ndani, na mtu anacheka.

Mama Alto hakukasirika, au kama alikasirika aliifanya hasira yake mchezo. Aligonga ule mlango kwa vidole viwili, akaita kwa sauti laini ya mke aliyechelewa kurudi nyumbani: "Nifungulie, ni mimi!" Wenzake walikufa kwa kicheko barazani. Mlango haukufunguliwa. Maji yalirudi miaka kadhaa baadaye, na si kwa kazi ya Mheshimiwa.

Maradhi yalipomwangusha, utani haukumwangusha. Jioni moja, Fundi akimnywesha uji kwa kijiko, alisema, "Afadhali huko ninakokwenda sitaambiwa nirudi Jumatatu." Fundi alicheka. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akalia kwa kujificha, na aliporudi alikuwa na wimbo kichwani. *Mlango wako haufungwi, Bwana, hata nikija nimechelewa.* Alimwimbia pale pale kitandani. Mkewe aliusikiliza hadi mwisho, akasema ni mzuri ila umekatika, hauna pa kuishia. Akaumalizia yeye mwenyewe, kwa sauti ile ile ya barazani, safari hii bila mchezo: *Nifungulie, ni mimi.*

Kwaya ilipokwenda kurekodi, walimbeba. Aliimba mstari wake peke yake, amekaa kwenye kiti kwa kuwa miguu ilikuwa imeshagoma. Baada ya mstari ule Mwalimu aliacha ukimya, pumzi nzima, kabla kwaya haijaingia tena. Kijana wa mitambo wa studio alitaka kuuondoa ule ukimya akisema wasikilizaji watadhani redio imeharibika. Mwalimu alimwambia aguse aone.

Mama Alto alizikwa kwa wimbo huo. Mchungaji ndiye aliyemzika, na wakati wote wa msiba alilala chini pamoja na wanaume wengine sebuleni kwa Fundi, bega kwa bega na mfiwa, na alfajiri alimchemshia chai kwa mkono wake. Tangu hapo Fundi alimhesabu kuwa ndugu. Wimbo nao ukaanza kutembea. Hakukuwa na mazishi pale mjini bila watu kuuomba, hata wa makanisa mengine, hata wasio na kanisa. Fundi aliwaitikia wote. Kila ulipoimbwa aliona kama mkewe ametajwa kwa heshima.

Sasa sikia walichomfanyia.

Ulikuwa wakati wa uchaguzi, na Mheshimiwa alichoka udiwani, akataka ubunge. Asubuhi hiyo shemeji yake Fundi, mdogo wa marehemu, muuguzi wa zahanati, aliingia kibandani na sare yake nyeupe bila hata hodi.

"Shemeji, zima hayo maredio yako unisikilize."

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Aliyekufa alishakufa." Alinyoosha kidole kuelekea barabarani. "Dada anapiga kampeni."

Fundi alidhani amesikia vibaya, na kabla hajauliza, lori lilikata kona. Lilikuwa na spika kubwa za honi juu ya kibanda cha dereva na vijana waliovaa fulana za rangi moja. Wimbo ulikuwa ule ule, ila umetiwa ngoma za kuchezea na maneno mapya: *Mheshimiwa hafungi mlango, hata ukija umechelewa!* Halafu ngoma zikanyamaza, na mtaa mzima ukamsikia Mama Alto, sauti yake yenyewe, na ile pumzi fupi aliyovuta kabla ya kuanza kwa sababu kifua kilikuwa kinambana. *Nifungulie, ni mimi.* Na katika ule ukimya, ukimya wa Mwalimu, sauti nene ya mwanamume ikajibu kwa bashasha:

"Nimefungua!"

Vijana wa lorini wakapiga mluzi, wakainua viganja juu. Kiganja kilichofunguka ndiyo iliyokuwa alama ya Mheshimiwa.

Fundi alisimama na kichomeo mkononi mpaka shemeji yake akamnyang'anya, maana kilikuwa kinaunguza meza. Mimi nakwambia, mtu aliyekuwa pale kibandani asubuhi hiyo hakuwa yule aliyekifunga jioni iliyopita. Nyongo ilimpanda na haikushuka tena.

Rekodi ya studio ilikuwa mahali pamoja tu, ofisini kwa Mchungaji, kwenye flashi iliyofungiwa kabatini. Fundi alikwenda huko kwa miguu yake, bado amevaa aproni ya kazi.

Mchungaji hakukana. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba hakujisumbua hata kukana. Alimkaribisha kiti, akaufunga mlango, akaanza kueleza kwa upole, kwa sauti ya mtu anayetuliza mgonjwa.

"Mwalimu, vile vyombo vipya vya muziki unavyovipenda, unadhani vilishuka na mvua?"

Fundi alivikumbuka. Spika, maikrofoni zisizo na waya, kinanda kikubwa ambacho bado kilikuwa na nailoni yake kwa kuwa hakuna wa kukipiga. Yeye mwenyewe ndiye aliyeunganisha nyaya zote, akatoa na sala ya shukrani.

"Ulisema ni sadaka ya mtu asiyetaka kutajwa."

"Ndiyo. Hakutaka kutajwa wakati ule." Mchungaji alikuna kidevu. "Nisikilize, ndugu yangu. Sisi Wakristo tumekaa pembeni mno. Tunaomba, tunafunga, halafu nchi wanatawala wasiomjua Mungu. Tumeambiwa tuwe chumvi. Chumvi ikibaki kwenye kopo inamsaidia nani? Huyu bwana akipita, tutakuwa na mtu wetu mle ndani. Zahanati itapata dawa. Shemeji yako si anafanya kazi pale? Kila siku analalamika."

"Usinifundishe siasa, Mchungaji. Mke wangu alifanya siasa kuliko wewe. Alikwenda mlangoni kwa huyo mtu kumdai maji. Wewe umekwenda kumpelekea wimbo."

"Wimbo ni wa kanisa."

"Na sauti? Sauti ni ya nani?"

Mchungaji aliangalia dirishani. "Marehemu angefurahi kujua bado anatumika," alisema.

Neno hilo, *anatumika*, Fundi alirudi nalo kibandani, akakaa nalo, akalala nalo. Hakumwambia Mchungaji kitu kingine. Alisema "Haya," akatoka, na Mchungaji akadhani yameisha. Aliwahi kumzikia mke na bado hakumjua.

Kuanzia hapo Fundi hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu kazi yake ni redio, na wimbo wa kampeni ulirushwa kutwa. Kila aliyoitengeneza, akiiwasha kuijaribu, mkewe alikuwa humo anaomba kufunguliwa na yule mtu anamfungulia. Akazima, akafungua nyingine, wakawa humo pia. Wateja wakija kuchukua redio zao walikuta zimepona lakini hazijajaribiwa. Kwenye mazishi mambo yakawa mabaya zaidi. Alizikwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, kwaya ikauimba wimbo kama kawaida, na ilipofika mwisho, shemeji yake akiimba mstari wa dada yake, vijana waliokaa juu ya ukuta wa makaburi wakaitikia, "Nimefungua!" Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Ulimi uliwateleza tu. Mjane alicheka, kisha akashtuka kwamba amecheka. Fundi alijua hapo kwamba wimbo wameuchukua mzima mzima, na kwamba mkewe hana tena mahali pa kutajwa kwa heshima.

Watu wa kanisa huambiwa wawaombee adui zao. Fundi aliwaombea. Aliomba kila asubuhi kabla ya kunawa uso, akachagua zile zaburi kali ambazo wachungaji huziruka ibadani, akazisoma kwa sauti na kuwatia ndani majina mawili. Alipomaliza alijisikia nafuu, akanywa chai.

Mungu akampa cha kuonja. Amplifaya ya lile lori iliungua, dereva akamletea yeye, fundi pekee wa maana pale mjini. "Fundi, fanya haraka, bosi atanichinja." Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Aliifungua yote, akaipanga mezani kipande kipande, vizuri, na akaiacha hivyo. Dereva akija asubuhi, aliambiwa spea hakuna. Akija jioni, aliambiwa spea iko njiani. Na siku alipokuja amefura, akauliza hasa lini itakuwa tayari, Fundi alimtazama juu ya miwani akamwambia, "Rudi Jumatatu."

Mtaa ulipata kupumzika kidogo, hadi waliponunua amplifaya nyingine. Ilikuwa raha, lakini raha ya kulamba kijiko. Fundi alitaka sufuria.

Likamjia lenyewe. Mchungaji alimwita sakristia baada ya ibada na kumwambia kwamba Jumapili ya mwisho kabla ya kura Mheshimiwa atakuja kuabudu nao, kusalimia waumini na kuwekewa mikono. Redio ya mji ingekuja kurusha ibada moja kwa moja.

"Na ameomba kitu kimoja tu," Mchungaji alisema huku akivua kola. "Kwaya imwimbie ule wimbo. Kwa maneno yetu, Mwalimu, ya kanisa kabisa. Nimekutetea hapo. Nimekataa yale maneno ya lorini."

"Umenitetea."

"Nimekutetea. Sema basi, kwaya itakuwepo?"

Fundi alikuwa amefungua mdomo amwambie maneno ambayo hayafai sakristia. Lakini Mchungaji, akidhani kunyamaza ni kukubali, aligeuka kutundika joho kwenye msumari, na alipokuwa akilinyoosha mabega alianza kuimba chini chini, vile mtu aimbavyo akiwa hana habari na mdomo wake. *Mheshimiwa hafungi mlango, hata ukija umechelewa...* Aliimba mstari mzima. Akalipiga joho vumbi, akauanza tena. Hakujisikia hata kidogo.

Fundi alifunga mdomo. Akatabasamu, na hilo peke yake lingetosha kumtisha mtu mwenye akili.

"Kwaya itasimama, Mchungaji," alisema. "Hilo nakuahidi."

Jumapili hiyo kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watoto wa shule ya Jumapili waliketishwa chini mbele kabisa ili wapigwe picha vizuri. Mheshimiwa alipewa kiti cha sofa kilichotolewa nyumbani kwa Mchungaji, akakaa ameshika Biblia mpya isiyojua kufunguka, na wapambe wake wakajipanga nyuma yake. Kijana wa redio alikuwa na mitambo yake karibu na mimbari. Nyuma ya wapambe, benchi la kwanza, waliketi akina mama wa umoja, na mwanzoni mwa benchi Bibi Mwenyekiti, mwanamke mnene wa taratibu, mmoja wa wale waliochoka kusimama barazani kwa Mheshimiwa miaka ile. Yeye alikuwa amekuja kusali kama Jumapili zote.

Mchungaji alimkaribisha mgeni kwa maneno matamu. Aliongea juu ya chumvi. Aliongea juu ya nuru. Kisha akasema kwaya itatuongoza kwa ule wimbo tunaoupenda sote, na mgeni wetu ameomba tuuimbe tukiwa tumesimama. Kanisa zima likasimama. Mwalimu akatoka mbele ya kwaya, akainua mkono.

Wanakwaya wakavuta pumzi, wakasubiri sauti.

Mwalimu hakuguna.

Mkono wake ulikuwa juu, uso wake umetulia, na kinywa chake kimefungwa kabisa. Kwaya ilimtazama. Hakuna aliyethubutu. Kijana mmoja wa besi alitokwa jasho, akameza mate, lakini hakufungua mdomo, maana alijua atakachopata. Shemeji yake, mbele ya safu ya pili, alimwangalia Mwalimu kwa mshangao, halafu macho yakamtulia. Alielewa. Akakunja mikono kifuani, akasimama wima.

Ukimya ukakaa. Mtu akakohoa. Kijana wa redio akaanza kugusagusa vitufe vyake, akidhani mitambo imekufa. Mheshimiwa aligeuza shingo. Mchungaji akasogea, akanong'ona pembeni ya maikrofoni ambayo haikuficha kitu, "Mwalimu, anzisha." Mwalimu akabaki na mkono wake hewani.

Mchungaji alikuwa na watu wa heshima mbele yake na mji mzima sikioni. Alicheka kidogo. "Roho anatusubirisha," alisema, "basi tuanze sote!" Akainua maikrofoni mpya, ile isiyo na waya, ile ya sadaka, akafumba macho na kuanzisha mwenyewe kwa nguvu zake zote:

*"Mheshimiwa hafungi mlango! Hata ukija umechelewa!"*

Na watoto wa shule ya Jumapili, wale wa chini kabisa, ambao wameusikia wimbo huo lorini kuliko mahali pengine popote, wakafurahi kupata kitu wanachokijua. Hawakusubiri mstari wa mwisho. Wakainua viganja vyao vyote kwa pamoja kuelekea madhabahuni na kupiga kelele, "Nimefungua!"

Mheshimiwa alidhani imepangwa. Masikini wa Mungu, alidhani ni zawadi. Alisimama sawasawa, akageukia waumini na kuwapungia kiganja, huku amekenua, mgongo kwa msalaba.

Mchungaji alifumbua macho. Mwalimu alikuwa anamtazama. Alitaka kumwona anavyoelewa, na akamwona. Maikrofoni ikateremka polepole hadi kiunoni. Mwalimu akashusha mkono wake, kazi imekwisha.

Bibi Mwenyekiti ndiye aliyeongea. Hakupaza sauti, lakini maikrofoni ile ilikuwa bado wazi na ilichukua kila neno.

"Mchungaji. Hapo madhabahuni, uliyemwimba ni nani?"

Mchungaji alipapasa maikrofoni akitafuta kitufe.

"Nakuuliza, baba. Nimetoka nyumbani kuja kumwabudu Mungu. Huyo uliyemwimba ni nani?"

Alipoona hajibiwi, alichukua mkoba wake, akajifunga kitambaa vizuri kichwani, akapita mbele ya kiti cha sofa bila kukitupia jicho. Akina mama wakamfuata benchi kwa benchi. Walipofika mlangoni, mmoja wao aligeuka akamwambia Mheshimiwa, kwa adabu zote, kwamba kama ana shida yoyote na umoja wa akina mama, arudi Jumatatu. Kicheko kilianzia kwa watu wa madirishani, kikaingia ndani, kikarushwa na redio moja kwa moja.

Najua wapo watakaosema Mwalimu alikosea, kwamba kanisani si mahali pa kulipiza kisasi. Na kampeni je, ilikuwa mahali pake? Jioni hiyo Fundi alikula akashiba, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu. Shemeji yake alimpakulia mara ya pili. "Dada angecheka mpaka adondoke," alisema, na wakacheka wote wawili mpaka ikawa kama kilio.

Wimbo ulitoka kwenye lori siku iliyofuata. Mheshimiwa alitafutiwa mwingine, wa mahaba, ukabadilishwa maneno upesi upesi, na akashinda. Ndiyo, alishinda, tena kwa wingi. Watu wa aina hiyo hawafi kwa kuchekwa. Aliyelipa ni Mchungaji. Wazee wa kanisa walikaa kikao, makao makuu nao wakakaa chao, akanyang'anywa mimbari na kuhamishiwa mtaa mdogo wa mbali ambako kanisa lilikuwa kuta bila paa. Mkewe aliacha kazi yake ya ualimu ili amfuate. Watoto walitolewa shule katikati ya muhula. Fundi aliyasikia yote kwa wateja, akaendelea kukaza skurubu. Kila habari ilipokuwa mbaya zaidi, aliuliza, "Enhe?" ili aongezewe.

Siku ya kuhama ilifika. Mchana wa jua kali Fundi alikuwa amejifungia kibandani apumzike baada ya kula, komeo ndani, shati begani. Akasikia lori likisimama upande wa pili wa barabara, injini haikuzimwa. Viatu vikavuka. Mlango wa bati ukagongwa taratibu.

Ukagongwa tena.

"Mwalimu," sauti ilisema. Ilikuwa imechoka, haikuwa na mahubiri ndani yake. "Najua upo, kufuli haliko nje. Sitakupotezea muda. Nifungulie, ni mimi."

Maskini, hakuwa na habari alichokisema. Mdomo wake haukuwahi kuwa na habari. Lakini Fundi alisimama wima pale gizani. Komeo lilikuwa karibu naye, kulifikia ni kunyoosha mkono tu. Alimkumbuka akichemsha chai alfajiri ile ya msiba, amejifunga taulo kiunoni, anapuliza mkaa. Akakumbuka na *anatumika*. Akavuta pumzi, akajaza kifua, akajibu kwa sauti nene yenye bashasha zote:

"Nimefungua!"

Wala hakugusa komeo.

Nje Mchungaji alikuwa amesimama na jibu lake mbele ya mlango uliofungwa, lori likinguruma ng'ambo. Halafu akainama. Kitu kidogo kikasukumwa chini ya bati, kikaja kugusa kidole cha mguu cha Fundi. Viatu vikavuka barabara kurudi, mlango wa lori ukapigwa, na mngurumo ukaenda ukififia kuelekea barabara kuu.

Ilikuwa flashi ya studio. Wimbo mzima, kabla haujaguswa na mtu.

Fundi aliipangusa kwa shati, akaichomeka kwenye redio iliyokuwa mezani, ya mteja, akakaa. Kwaya yake iliimba vizuri. Aliwasikia wote, na waliokwisha kufa, na kijana wa besi aliyechelewa kidogo kuingia, ambaye alimfokea sana siku ile. Wakanyamaza. Mkewe akavuta pumzi yake fupi.

*Nifungulie, ni mimi.*

Ukaja ule ukimya aliougombania, pumzi nzima, haujaguswa na mtu. Na humo ndani mdomo wa Fundi ukajibu wenyewe, kabla hajauzuia, kwa sauti ile ile aliyomjibu nayo Mchungaji.

Alizima redio. Baada ya kitambo akaiwasha tena, akaurudisha nyuma, akabana meno kwa nguvu, akamsikiliza akiomba. Haikusaidia, maana sasa jibu lilikuja bila mdomo. Akaurudisha nyuma tena. Nje watu walianza kupita wakitoka mapumziko ya mchana, mteja mmoja akagonga akaita "Fundi, upo?", akasubiri, akaondoka zake. Komeo lilibaki limefungwa mpaka jioni.